Vinanda Vilivyokataa Kukaa kwenye Tuni

Mazungumzo kwa wanafunzi wa muziki na mafundi wa studio, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zangu wa bendi mliokaa mbele. Na nyie vijana wa studio mliojibana kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Viti vipo, msiogope.

Ndugu mwenyekiti amenitambulisha kama mpenzi wa muziki wa zamani wa Wazungu, kisha akanitaka niwaeleze mtu anaanzia wapi akitaka kuujua muziki wa sinthesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, wa miaka ya 70 na 80. Nianze kwa kubishana naye kidogo. Nyote humu ndani mmekulia kwenye muziki huo. Brenda Fassie alipotoa "Weekend Special" mwaka 1983, sinthesaiza zilikuwa zimejaa mle. "Umqombothi" ya Yvonne Chaka Chaka ya 1988, inayowainua mama zetu vitini hadi leo, imebebwa na vinanda vya umeme. Na wimbo wa Marvin Gaye, "Sexual Healing", ule wa kupigwa redioni saa nne usiku, ulirekodiwa Ubelgiji mwaka 1982, na mpiga dramu wake ni kisanduku cha Roland kutoka Japani kiitwacho TR-808. Kwa hiyo sauti mnazo masikioni tayari. Ninachotaka leo ni kuwaonyesha mikono iliyokuwa nyuma ya sauti hizo, na matatizo mikono hiyo iliyokuwa ikipambana nayo.

Naamini ukitaka kuusikia muziki huu vizuri, uliza kwanza ile mashine ilikuwa haiwezi nini. Waliotuachia rekodi nzuri walikuwa wamebanwa, na uzuri mwingi umetoka kwenye kule kubanwa.

Turudi 1964. Robert Moog, mhandisi aliyeanza ujanani kwa kutengeneza na kuuza theremini, vyombo vya umeme vinavyopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kuvigusa, alikuwa na karakana katika mji mdogo wa Trumansburg, jimbo la New York. Akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alitengeneza mtambo wa vipande vipande uliounganishwa kwa nyaya. Ndani yake hamkuwa na sauti yoyote iliyohifadhiwa. Kulikuwa na oskileta, yaani saketi inayotoa wimbi la umeme linalojirudia. Likijirudia mara 440 kwa sekunde unapata ile A ambayo wapiga gitaa humu ndani wanaitunia. Ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktavu moja. Kinanda chenyewe, yale mabonyezo meupe na meusi, kilikuwa ni njia tu ya kupeleka volti, na chombo kingine chochote kinachotoa volti kingeweza kuupiga mtambo ule bila kidole cha mtu. Shikeni hilo, maana nusu ya muziki ninaouzungumzia umezaliwa hapo.

Wimbi likitoka kwenye oskileta ni kali, linakwaruza. Linapelekwa kwenye kichujio kinachokata sauti za juu na kuacha za chini. Kifungue taratibu huku noti inalia, na utasikia kama mtu anayeimba akiwa ameziba mdomo kwa kiganja kisha anakiondoa polepole. Ile "uwaa" ya besi za Stevie Wonder kwenye albamu zake za 1972 na 1973 ni kichujio hicho kinafanya kazi. Stevie alikuwa akifanya kazi na Malcolm Cecil na Robert Margouleff, watu wawili waliounganisha sinthesaiza nyingi za makampuni tofauti kuwa mtambo mmoja mkubwa walioupa jina la TONTO.

Sasa matatizo. La kwanza, noti moja kwa wakati mmoja. Hakuna kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, hakuna hata noti mbili. Wendy Carlos alipotaka kurekodi kazi za Johann Sebastian Bach kwa mtambo wa Moog, ilimbidi apige kila mstari peke yake, aurekodi kwenye kanda, arudishe kanda mwanzo, abadilishe nyaya, apige mstari wa pili. Na hata mstari mmoja hakuweza kuupiga hadi mwisho, kwa sababu tuni ilikuwa inateleza. Alikwenda kipande kwa kipande. "Switched-On Bach" ilitoka 1968, ikauza zaidi ya nakala milioni moja na kupata tuzo tatu za Grammy. Watu wengi waliinunua wakidhani kompyuta imempiga Bach. Ilikuwa ni mtu mmoja, vidole, mkasi wa kukatia kanda, na uvumilivu ambao mimi binafsi sina.

Tatizo la pili ni kwamba mtambo ulikuwa hauna kumbukumbu. Ukipata sauti nzuri leo, uandike kwenye karatasi kila waya umeingia wapi na kila kitufe kimezungushwa kiasi gani, na bado kesho haitarudi ileile.

La tatu ni joto, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo nilipendalo. Transista, vile vipande vidogo vinavyoongoza umeme ndani ya mashine, hubadilika tabia zikipata joto. Oskileta uliyoituni saa mbili inakuwa imehama saa tatu. Fundi yeyote aliyewahi kurekodi mwezi wa Januari hapa mjini, umeme umekatika na kiyoyozi kimenyamaza, ananielewa. Kwa mwanamuziki wa 1973 hii ilikuwa adha ya kila siku.

Mwishoni mwa mwaka huo, vijana watatu wa Berlin, Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann, waliojiita Tangerine Dream, walikwenda studio ya The Manor huko Oxfordshire, Uingereza. Kampuni changa ya Virgin ilikuwa imewapa mkataba. Franke alikuwa na mtambo wa Moog wenye sikwensa. Kazi ya sikwensa ni rahisi kuielezea: safu ya vitufe vya kuzungusha, kila kimoja umekipa volti yake, na mashine inavipitia kimoja baada ya kingine, inafika mwisho inarudi mwanzo. Volti nane, noti nane, mzunguko usiochoka. Hakuna kidole kinachobonyeza. Kazi ya mpigaji inakuwa kusimama pale na kugeuza volti moja, kufungua kichujio, kuongeza mwendo, huku mzunguko unaendelea.

Katika wimbo uliobeba jina la albamu, "Phaedra", mtambo ukapata joto katikati ya kazi na besi ikaanza kuhama. Mnaisikia inateleza, inavutwa, inarudishwa. Wangeweza kufuta. Hawakufuta. Albamu ikatoka mapema 1974, ikaingia ishirini bora za Uingereza bila kuwa na neno hata moja la kuimba. Ninapowaambia wanafunzi kwamba moja ya dakika ninazozipenda zaidi katika muziki wa umeme ni dakika ya mashine inayoharibikiwa, wananitazama vibaya. Wakishasikia hunyamaza, ama kwa kukubali, ama kwa adabu tu.

Mjini Munich, mwaka 1977, joto lilelile lilishughulikiwa kwa njia nyingine kabisa. Maprodyuza Giorgio Moroder na Pete Bellotte walitaka kumtengenezea mwimbaji Donna Summer wimbo wenye sauti ya wakati ujao. "I Feel Love" karibu wote umetoka kwenye Moog. Fundi Robby Wedel alipata namna ya kuifunga sikwensa kwenye mpigo uliorekodiwa kwenye kanda, ili kila tabaka jipya lianguke pale pale lilipo la kwanza. Kwa kuwa tuni ilikuwa inakimbia, walirekodi vipande vifupi vya sekunde chache, wanasimama, wanatuni tena, wanaendelea. Ngoma kubwa ya chini ilipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa mguu wake. Kisha wakaongeza mwangwi kwenye besi, ili kila noti irudiwe upande wa pili wa spika. Wekeni spika mbili mbalimbali, mzibe moja kisha nyingine, mtasikia besi imegawanyika nusu kwa nusu. Muziki wa klabu wote wa dunia umepita mlango huo.

Kraftwerk, bendi ya Wajerumani, mnawafahamu kwa jina, basi sitawachosha. Ralf Hütter na Florian Schneider, watu wa Düsseldorf. Hütter alieleza kwamba Minimoog yake ya kwanza, yaani Moog ndogo ya kubebeka, ilimgharimu bei sawa na gari lake la Volkswagen, na mwaka 1974 wakarekodi "Autobahn", dakika 22 za safari ya barabara kuu. Jambo ninalotaka mlichukue ni lile lililotokea baadaye New York. DJ wa Bronx, Afrika Bambaataa, pamoja na prodyuza Arthur Baker na mpiga kinanda John Robie, walichukua wimbo wa "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk, wakauweka juu ya midundo ya TR-808, wakatoa "Planet Rock" mwaka 1982.

Ninyi mnaposema studio "ongeza 808", kisanduku hicho ndicho mnachokitaja, hata kama kwenye kompyuta yenu ni faili tu. Roland waliitengeneza kati ya 1980 na 1983, mashine kama elfu kumi na mbili tu, kisha wakaacha. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni, alieleza kwamba sehemu ya sauti yake ilitokana na transista zenye kasoro alizozinunua kwa makusudi. Transista hizo zilipokwisha sokoni, hakukuwa na njia ya kuendelea. Wapiga dramu wa wakati huo waliicheka kwa sababu haikufanana na dramu. Kweli haikufanana. Ule mdundo wa chini unaovuma kwa muda mrefu hakuna dramu ya ngozi inayoutoa, na ndiyo sababu mpaka leo daladala zinatikisika.

Mfaransa Jean-Michel Jarre nitampitia haraka, na mashabiki wake mnisamehe. "Oxygène" ya 1976 ni kazi nzuri mno. Aliirekodi nyumbani kwake Paris kwa vyombo vichache: sinthesaiza mbili tatu, oganii ya Eminent aliyoipitisha kwenye kijisanduku cha gitaa ili sauti izunguke, na mashine ndogo ya midundo ya Korg ambayo alibandika vitufe vyake kwa utepe ili midundo miwili ilie kwa pamoja. Huyo Jarre wa utepe nampenda. Jarre wa taa na umati, aliyekusanya watu milioni moja pale Place de la Concorde tarehe 14 Julai 1979, namwachia mwenyekiti.

Vangelis ndiye ninayetaka tukae naye. Mgiriki, mzito wa umbo, aliyekuwa hasomi noti za karatasi. Studio yake ya London aliiita Nemo. Mnamfahamu kwa muziki wa wale vijana wanaokimbia ufukweni, "Chariots of Fire", uliompa tuzo ya Oscar mwaka 1982. Lakini kama mna jioni moja tu ya kumpa, mpeni kwa muziki wa filamu ya "Blade Runner" ya mwaka huohuo.

Chombo chake kikuu kilikuwa Yamaha CS-80, iliyotoka 1977. Uzito wake unakaribia kilo 100, kwa hiyo kuibeba ni kazi ya watu wawili na mgongo wa tatu. Noti nane kwa pamoja. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu: ukifungua kifuniko unakuta seti nne za vitelezi vidogo sana, nakala za vile vikubwa vya nje, unavipanga kwa ncha ya kidole na kufunika. Ila siri ya chombo iko kwenye bonyezo. Ukigonga kwa nguvu, sauti inabadilika. Na ukishabonyeza, ukiendelea kukandamiza, ile noti peke yake, katika kodi nzima, inafunguka, inatetemeka au inaongezeka. Kidole cha shahada kinaweza kuifanya noti yake ilie huku vingine vitatu vimetulia. Juu ya mabonyezo kuna ukanda wa kutelezesha kidole ili sauti ipande au ishuke bila ngazi.

Hiyo maana yake ni nini kwa masikio yenu? Sikilizeni zile sauti kama za tarumbeta katika "Blade Runner". Hakuna noti inayoanza na kuisha vilevile. Inaingia imefunikwa, inafunguka, inapinda kidogo mwishoni. Alikuwa akitazama picha kwenye video na kupiga hapohapo, huku mkono mmoja ukihama kinanda hiki kwenda kile. Kwa wenzetu wa taarab asilia waliopo hapa, nadhani mpiga fidla atakuwa wa kwanza kuelewa anachofanya Vangelis, kabla hata ya mpiga kinanda. Ni kazi ileile ya kuishughulikia noti baada ya kuizaa.

Kisha matatizo yakaanza kutatuliwa. Mwaka 1978 Dave Smith wa California alitoa Prophet-5: noti tano kwa pamoja, na kompyuta ndogo ndani inayokumbuka sauti 40. Bonyeza kitufe, sauti ya jana imerudi. Mwaka 1983 ikaja lugha ya MIDI, ambayo Smith na Kakehashi waliipigania ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuzungumza na cha kampuni nyingine, na ambayo studio zenu bado zinaitumia. Mwaka huohuo Yamaha walitoa DX7. Msingi wake ni ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1967: wimbi moja likilitikisa lingine kwa kasi kubwa, zinazaliwa sauti za kengele, za chuma, za kioo. DX7 ilikuwa na noti 16 kwa pamoja na haikuwahi kuhama tuni. Joto la Januari halikuipata.

Lakini pia haikuwa na vitufe vya kuzungusha. Ilikuwa na kidirisha kidogo na menyu ndefu, na kuipangia sauti mpya kulihitaji hesabu. Watu wengi wakabaki na sauti 32 zilizotoka nazo kiwandani. Ile piano yake ya kioo mmeisikia kwenye nyimbo za mapenzi za Marekani hadi mkachoka, na vinanda vya kizazi hicho mmevisikia kwenye rekodi nyingi za Wakongo zilizofanywa Paris, mahali ambapo zamani pangekuwa na saksafoni. Siichukii DX7. Naona tu kwamba kuanzia hapo unaweza kumtambua mwenye duka aliyeuza kinanda kabla ya kumtambua anayekipiga.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, hivi vitu si ndivyo vilivyowanyima wapiga tarumbeta kazi? Ni swali la haki. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza zizuiwe kwa hofu hiyohiyo. Hapa kwetu tuliona taarab ya kisasa ikiondoa ganuni, nai na safu ya fidla na kuweka kinanda kimoja. Ninachoweza kusema ni kwamba kinanda kinachoiga fidla ni fidla mbovu, na wale niliowataja leo karibu wote walifanikiwa siku walipoacha kuiga.

Waafrika waliliona hilo mapema. Francis Bebey wa Kamerun aliacha kazi yake UNESCO mjini Paris katikati ya miaka ya 70 na kuanza kurekodi nyumbani: sanza, ndugu wa ile ilimba ya Wagogo, pamoja na mashine ya midundo na sinthesaiza, na sauti yake nzito juu. Enugu, Nigeria, kulikuwa na William Onyeabor, aliyekuwa na studio na kiwanda chake mwenyewe cha santuri, akatoa albamu nane kufikia 1985 kisha akaacha muziki kwa ajili ya wokovu na hakutaka kuulizwa tena. Sikilizeni "Fantastic Man" ya 1979. Sinthesaiza zake zinazungumza moja na nyingine kama watu wanaotaniana, na hazina haraka hata kidogo. Na Hailu Mergia, Mhabeshi wa bendi ya Walias, aliyebaki Marekani baada ya ziara ya 1981. Mwaka 1985 alirekodi Washington kanda ya akodioni, Moog, piano ya umeme, DX7 na mashine ya midundo, akirudisha nyimbo za zamani za kwao. Kanda ikapotea masikioni mwa watu. Yeye akawa dereva wa teksi, na kinanda kidogo kwenye buti kwa ajili ya foleni za uwanja wa ndege. Ilitolewa upya mwaka 2013, na akarudi jukwaani.

DX7 ya Mergia ni ileile niliyoilalamikia dakika tano zilizopita. Nimelisema mwenyewe kabla ninyi hamjalisema.

Kwa anayetaka kuanza, anzeni na Mergia ukiwa na kazi za mikono nyumbani, "I Feel Love" kwenye spika kubwa, "Blade Runner" kwa hedifoni. Msianze na mikusanyo ya nyimbo bora ishirini. Muziki huu ulifanywa kwa pande za santuri, dakika 17 au 20 kwa pumzi moja, na ukikatwa unabaki kelele za kuvutia tu. Na kama studio yako ina programu yenye sinthesaiza elfu moja ndani, jaribu wiki moja kutumia oskileta moja, noti moja, bila kuhifadhi. Nawatania, lakini kidogo tu.

Sasa fundi atatuwekea "Phaedra", upande mzima wa kwanza. Fuateni besi; itakapoanza kuteleza mtajua. Wazee wanaotaka kutoka kwenda kuswali watoke bila wasiwasi, ni ndefu. Maswali nitayapokea ikiisha, na mwenyekiti ana la kwanza, kuhusu Jarre bila shaka.